Soksi ya dakika nne

Karatasi niliyoletewa ilikuwa ukurasa mmoja na robo. Marehemu alizaliwa, akasoma, akaanza kushika spana akiwa na miaka 16, akafungua gereji yake, akaoa, akajaliwa watoto wanne, akaugua, akafariki akiwa na miaka 71. Chini yake mistari miwili ya sifa: mchapakazi, mcheshi, mtu wa watu, mpenda safari. Ungefuta "fundi magari" ukaandika "seremala", wasifu ule ungemtosha marehemu mwingine yeyote bila kugusa koma.

Mimi ni mhariri, na wanaoijua kazi yangu huniletea karatasi za aina hii siku mbili tatu kabla ya mazishi. Kwa kawaida nanyoosha tahajia, nahakikisha tarehe, narudisha. Hii ilinikalia mezani. Binti wa marehemu, mtoto wa tatu, alipokuwa akinikabidhi aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho akasema, "Hapo kwenye 'mpenda safari', Kaka anataka tuongeze. Mama anataka tufute."

Kisa ninachokichambua ndicho hicho: maneno mawili yaliyoigawa nyumba nzima. Familia imeridhia nikiandike, mradi nisiwataje.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilidhani nimeelewa papo hapo. Mzee alikuwa anapenda kuzurura, mke alikuwa anabaki na mzigo, mtoto wa kiume amemfanya baba shujaa, mama anakumbuka upweke. Hadithi hiyo tumeisikia mara ngapi? Nikaanza hata kutunga kichwani sentensi ya kuwapatanisha, ile ya "alipenda safari lakini hakuisahau nyumba yake". Sentensi za kupatanisha ni ugonjwa wetu wahariri. Bahati nzuri sikuiandika.

Mtu mwenyewe

Kabla hajaoa aliwahi kuondoka na pikipiki siku 19 peke yake, akarudi na tairi la nyuma limeshonwa kwa waya. Baada ya kuoa alijenga gari la familia kutokana na pikapu mbili za dizeli zilizokwisha kufa: chasisi na injini ya moja, kichwa na bodi ya nyingine. Nyuma akafunga turubai, na humo watoto wakakaa wakiangalia barabara ikikimbia kinyumenyume. Kwa gari hilo walilala nyikani, walivuka mito, walipanda milima ambayo wenye magari mapya waliitazama kwa mbali wakageuza.

Ukisikia hivyo utasema huyu alikuwa jasiri kupita kiasi, pengine mzembe. Lakini kijana aliyefanya kazi naye miaka 18, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi ingawa gereji nzima bado inamwita Dogo, alinieleza jinsi mzee alivyokuwa anavuka mto. Alikuwa anazima gari ukingoni, anavua viatu, anakunja suruali, anachukua fimbo na kuvuka kwa miguu, kwenda na kurudi, mara tatu, kila mara akipita mstari mwingine na kupapasa mawe kwa nyayo. Maji yakimfika pajani, anageuza gari. Hakuna kubembelezana. Safari imeishia hapo, watoto walie wasilie.

Sababu yake ilikuwa ya kifundi kabisa. Hewa ndani ya silinda inakubali kubanwa, maji hayakubali. Injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa, pistoni inapanda na kukuta kitu kisichobonyea, na kinachosalimu amri ni konrodi, chuma kinachoiunganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini: inapinda, au inavunjika na kutoboa bloku. Dizeli za zamani zinaumia haraka zaidi kwa sababu zinaibana hewa mpaka ibaki karibu sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, kiasi kwamba vijiko vichache vya maji vinaijaza. Mzee hakuwa anaogopa mto. Alikuwa anaujua ule upenyo mdogo juu ya pistoni, akaenda kuuliza kwa miguu yake kama mto utauheshimu.

Jambo jingine dogo. Pete yake ya ndoa haikukaa kidoleni mchana. Ilikaa kwenye msumari juu ya meza ya kazi, pamoja na funguo za magari ya wateja, na kuna watu mtaani waliolisema hilo kwa miaka. Fundi yeyote wa umeme wa gari angewaeleza. Spana ikigusa kichwa chanya cha betri na pete ikagusa bodi, umeme unapita kwenye pete, na pete inawaka moto kidoleni kabla hujaweza kuivua. Saa ya mkononi hivyo hivyo. Akikutwa njiani na gari bovu, alikuwa anavua saa na pete kabla hajafungua boneti, anampa mkewe. Mkewe ndiye aliyekuwa akitunza muda.

Usiku wa mlimani

Nina mazoea fulani katika kazi hii. Siulizi "alikuwa mtu wa namna gani?", maana jibu lake ni "mtu wa watu". Nauliza, "Ni kitu gani chake ambacho hamthubutu kukitupa?" Mtoto wa kwanza, binti wa tatu, mke na Dogo, kila mmoja kwa wakati wake, walinitajia kitu kimoja: kopo la rangi lililokwisha, lililoko kwenye rafu ya gereji, lenye beringi moja iliyoungua. Niliposikia mara ya nne nikajua nimeshika uzi.

Beringi ile ilitoka kwenye pampu ya maji ya ile pikapu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini na kuendeshwa na mkanda wa feni. Mtoto wa kwanza alikuwa na miaka 11. Anasimulia kwamba walikuwa wanapanda mlima, giza linaingia, mkanda wa feni ukakatika. Baba akacheka. Akamwomba Mama soksi yake ndefu ya nailoni, akaisokota, akaifunga mahali pa mkanda, akawasha, wakapanda mlima na kufika nyumbani wanaimba. Amelisimulia hilo shuleni, kazini, kwenye harusi yake mwenyewe. Ndilo alilotaka liongezwe kwenye wasifu.

Mama alinipokea sebuleni, akaniacha ninywe maji kwanza, ndipo akaanza. Anakumbuka baridi. Anakumbuka mtoto wa mwisho, miaka miwili, ana homa, amefungwa ndani ya koti la baba yake. Anakumbuka kufika nyumbani karibu na alfajiri, na kwamba hakumsemesha mumewe mpaka siku ya nne. "Ile pampu ilikuwa inalia," aliniambia. "Wiki tatu inalia. Mimi si fundi, lakini nilikuwa naisikia nikiwa jikoni, akiingiza gari uani. Nikamwambia. Akaniambia kesho."

Nikauliza kuhusu soksi. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akasema, "Muulize yeye kama alikwambia kuhusu mkono."

Nikarudi kwa mtoto wa kwanza, ambaye sasa ana watoto wakubwa. Alitazama mgongo wa mkono wake wa kulia kabla hajajibu. Usiku ule, gari likiwa limechemsha na boneti iko wazi, yeye alichukua kitambaa akaenda kufungua kifuniko cha rejeta ili amsaidie baba. Baba alimpiga mkono kwa nguvu zote. Ni mara pekee aliyowahi kumpiga maishani. Kifuniko kile kimewekewa springi ili kuhifadhi shinikizo ndani. Kwa shinikizo la baa moja juu ya lile la kawaida, maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi. Ukifungua, shinikizo linatoweka mara moja, na maji yale yanageuka mvuke na kuruka usoni kwa aliyeinama. Mvulana wa miaka 11 hakujua lolote kati ya hayo. Alijua tu kwamba alitaka kusaidia na akapigwa. Kwenye simulizi lake la miaka yote, kipande hicho hakimo.

Simulizi la Dogo lilikuwa fupi na la tatu kabisa. Yeye hakuwapo mlimani, lakini kila mwanafunzi aliyeingia gereji ile alipewa lile kopo siku ya kwanza. Mzee alikuwa anaitoa beringi, anamvika mwanafunzi kidoleni, anamwambia aizungushe. Inakwaruza, inakwama, inaruka. Halafu anampeleka kwenye gari zima, anamwambia ashike puli ya pampu, gurudumu linalopitisha mkanda, aitikise. Haitakiwi kucheza hata kidogo. "Sasa umesikia na umeshika," alikuwa anasema. "Mimi nilisikia." Hakuongeza kitu. Dogo alikaa miaka miwili ndipo akaelewa kwamba mzee alikuwa anasimulia kosa lake.

Daftari

Hapo nilikuwa na masimulizi matatu yasiyokaa pamoja. Kwa moja, mzee alikuwa shujaa mwenye kicheko. Kwa jingine, baba aliyepuuza onyo la mkewe. Kwa la tatu, mwalimu anayefundisha kwa aibu yake. Wengi wangechagua linalopendeza mazishini na kusonga mbele. Mimi nilimwomba Dogo anionyeshe daftari la kazi.

Yalikuwa madaftari 31, yamefungwa kwa waya, yananuka dizeli. Fundi yule aliandika kila gari: tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, tatizo kwa maneno matatu, kilichofanyika, na neno "tayari" au "bado". Madaftari hayohayo ndiyo yaliyoiokoa familia wiki ile. Uani kulikuwa na magari sita ya wateja, mojawapo silinda hedi iko chini na nati zimewekwa kwenye sahani, na bila yale maandishi hakuna ambaye angejua boliti zipi zilikuwa za nani. Pikapu ya familia ilikuwa na mstari wake kama mteja mwingine. Mstari wa usiku ule wa mlimani tuliupata baada ya kama saa moja ya kufunua.

Nanukuu kama ilivyoandikwa, kwa ruhusa ya mkewe:

"Pampu ya maji. Mkanda umekatika. Soksi: dakika 4. Vipande 7 vya kupanda. Breki nzito, gia ya 1 na 2 mpaka chini. Nilisikia. Sikubadilisha."

Tukakaa kimya, mimi na Dogo na binti. Kisha Dogo akaanza kunieleza maana ya kila neno, na nakiri kwamba bila yeye ningepita juu ya lile lililo zito kuliko yote.

Soksi kwanza. Ndiyo, ilifungwa. Aliizungusha kati ya puli ya krenki na ya pampu, oltaneta, inayochaji betri, akaiacha nje ili kupunguza mzigo. Lakini beringi ilikuwa imeshaungua na puli inakwama. Soksi ikateleza, ikapata moto, ikayeyuka. Dakika nne, wala hazikuwapeleka mbali.

Vipande saba ndivyo vilivyowapandisha. Injini ya dizeli ya zamani haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka, kwa hiyo bila oltaneta bado inatembea. Bila pampu ya maji inachemsha. Mzee aliendesha mpaka mshale wa joto ukaribie nyekundu, kama kilomita moja, akazima, akasubiri. Dakika 40 kila mara. Mkewe, mwenye saa mkononi, ndiye aliyekuwa akimwambia sasa. Mara saba. Taa walizitumia kwa kupimiana, maana betri haikuwa inachajiwa. Sehemu nyingine binti wa tatu, miaka sita, alikaa juu ya mapaja ya mama yake akishika tochi nje ya dirisha. Binti aliposikia Dogo akieleza haya aliweka mkono mdomoni. Alikuwa anaikumbuka ile tochi maisha yake yote na hakuwahi kujua ilikuwa ya kazi gani. Alidhani walikuwa wanacheza.

Halafu "breki nzito". Kwenye dizeli nyingi za aina ile, pampu ndogo inayovuta hewa kwa ajili ya kusaidia breki imefungwa mgongoni mwa oltaneta. Mkanda ukikatika, unapoteza vitu vitatu kwa mpigo: maji hayazunguki, betri haichajiwi, na breki inabaki bila msaidizi. Unaweza kukanyaga mara chache, akiba ya mvuto huo ikiisha, pedali inakuwa kama jiwe. Mzee alijua hilo tangu mkanda ulipokatika. Alijua akifika kileleni kuna mteremko mrefu, gari lina watu sita, breki hazina nguvu, taa zinakufa. Akashuka kwa gia, taratibu, injini ikiwazuia. Hakumwambia mtu. Mtoto wa kwanza anakumbuka kuimba wakati wa kushuka, na ni kweli waliimba, maana baba yao ndiye aliyeanzisha wimbo.

Hatari kubwa ya usiku ule haimo kwenye simulizi la mtu yeyote. Imo kwenye maneno mawili ya daftari.

Kesho

Sasa turudi kwenye swali lililonisumbua. Mtu anayevua viatu na kuupima mto mara tatu, inakuwaje apuuze pampu inayolia wiki tatu?

Jibu lilikuwa kurasa mbili nyuma. Pikapu ya familia imeandikwa "pampu inalia" na mbele yake "kesho". Siku sita baadaye, tena, "kesho". Wiki inayofuata, "kesho". Katikati ya "kesho" hizo kuna magari ya wateja 14, yote yameandikwa "tayari", mengine yamekamilishwa usiku. Na kuna mstari mmoja ulionifanya nivue miwani: mkanda wa feni wa akiba, uliokuwa ndani ya pikapu, aliutoa akamfungia mteja aliyekuwa na haraka. Siku mbili kabla ya safari.

Waswahili husema mganga hajigangi, na watu huitumia methali hiyo kwa kucheka. Kwenye daftari lile haichekeshi. Si kwamba mzee alizembea. Gari la kwake liliwekwa mwisho wa foleni, na foleni haikuisha.

Nikarudi kwa Mama na daftari mkononi. Nilimsomea "kesho" zote tatu. Nilitegemea atasema "si nilikwambia?". Alinyamaza, halafu akasema maneno yaliyogeuza kazi yangu yote chini juu: "Wewe umedhani nachukia safari. Safarini alikuwa wetu. Hakuna simu, hakuna mteja, hakuna mtu anayegonga geti saa nne usiku. Gereji ndiyo iliyokuwa mke mwenzangu."

Kwa nini basi afute "mpenda safari"? Kwa sababu, alisema, watu wakisoma hivyo watadhani alikuwa anawakimbia. Watadhani alikuwa mtu wa kuondoka. Na mtoto wa kwanza alitaka iongezwe kwa sababu hiyohiyo. Safari ndiko alikokuwa na baba. Nyumbani baba alirudi watoto wamelala. Mama na mwana walikuwa wanatetea kitu kimoja kutoka pande mbili za neno moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini.

Nilihesabu safari kwenye madaftari yote. Baada ya ndoa hakuna hata moja aliyokwenda peke yake. Kila safari ina orodha ya vitu, na orodha daima inaanza na idadi ya watu: wawili, watatu, wanne, mpaka sita. Neno "mpenda safari" halikuwa la uongo, ila lilikuwa limekaa upande usio wake. Kwenye wasifu lilisimama pamoja na sifa za mtu na ulimwengu. Mahali pake palikuwa kwenye aya ya mke na watoto.

Kinachobaki masikioni

Kisa cha familia hii kilinikumbusha kingine kilicho maarufu. Agosti 1888, Bertha Benz aliondoka Mannheim, Ujerumani, kwa gari la magurudumu matatu la mumewe Karl, bila kumwambia, akiwa na wanawe wawili, Eugen na Richard. Alikuwa anakwenda kwa mama yake Pforzheim, kilomita zaidi ya 100 kwa njia aliyopita. Njiani mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme ukachunika, akaukinga kwa kitambaa cha kufungia soksi. Mafuta yakapungua, akanunua mengine kwenye duka la dawa huko Wiesloch. Ukimuuliza mtu yeyote anayekijua kisa hiki, atakutajia pini.

Lakini mambo mawili mengine yalikuwa na uzito zaidi. Breki za mbao zililika kwenye miteremko, akamwomba fundi viatu azigongelee ngozi. Na vilima vilipolishinda gari, wanawe wakawa wanasukuma, akarudi na kumwambia mumewe liongezewe gia ya kupandia. Pini ilimfikisha safari moja. Ngozi na gia zilibaki kwenye gari. Masimulizi hupenda pini kwa sababu pini ni ujanja wa papo hapo, na ujanja unachekesha. Marekebisho yanayofuata hayana msisimko, hayasimuliki harusini.

Soksi ya mzee wetu ni pini ile. Nilipofunua ukurasa uliofuata ule wa usiku wa mlimani, nilikuta orodha mpya, imeandikwa kwa wino mwingine, siku moja baada ya kurudi. Watu 6. Mikanda 2. Pampu ya maji 1, mpya. Maji lita 20. Blanketi 6. Dawa ya homa ya mtoto. Tochi 2. Orodha hiyo inajirudia kabla ya kila safari kwa miaka 22 iliyofuata, hata watoto walipoanza kuondoka nyumbani mmoja mmoja, na blanketi zikawa 5, kisha 4, mpaka mwisho kabisa: watu 2, blanketi 2, pampu ya maji 1.

Hiyo pampu bado ipo. Dogo alinionyesha, ndani ya boksi lake, imepakwa grisi isishike kutu. Haikuwahi kufungwa kwenye gari.

Kilichosomwa

Tuliandika upya usiku mmoja, binti na mimi, Mama akiwa pembeni anakunja nguo na kusikiliza. Tarehe za shule na kazi tulizibana kwenye mistari minne. Nafasi iliyobaki tuliigawa kwa mto, kwa kopo na kwa orodha ya vitu. Kuhusu usiku wa mlimani tuliandika hivi:

"Aliwahi kusikia pampu ya gari letu ikilia na akasema kesho, mara tatu, kwa sababu kulikuwa na magari ya watu yanayomsubiri. Tukakwama mlimani. Alitutoa huko kilomita moja baada ya nyingine, breki zikiwa nzito, na hakutuambia tulikuwa katika hatari, alianzisha wimbo. Kosa lile aliliweka kwenye kopo, akalifundisha kwa kila kijana aliyepita mikononi mwake. Hatukuwahi kusafiri tena bila pampu ya akiba. Alipenda safari, na alizipenda tukiwamo."

Ndugu mmoja wa marehemu, mtu mzima na mwenye heshima zake, alipinga. Alisema mazishini hatutaji makosa ya marehemu, anasemwa kwa mema, basi. Sikumpinga. Ana haki ya kuogopa; nimeshawahi kuona wasifu ukigeuzwa kuwa jukwaa la kulipa visasi, na ni jambo baya kuliona. Tofauti niliyojaribu kumweleza ni kwamba kosa hili marehemu alilitaja mwenyewe, kwa mwandiko wake, na akalionyesha kwa vijana kwa miaka. Tungelificha tungekuwa tunamfichia kitu ambacho yeye hakukificha. Hakuridhika, akamtazama shemeji yake. Mama akakunja shati alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Shemeji, hilo liache. Hilo ndilo mimi ninalolijua."

Kulibaki la soksi. Mtoto wa kwanza alikuwa amesimulia toleo lake kwa miaka mingi, na sasa daftari lilikuwa limempokonya. Nilimwonyesha mstari ule peke yake, nje, kabla hajausikia mbele ya watu. Alisoma "dakika 4" mara kadhaa. Nilidhani ataumia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaomba yeye ndiye asome wasifu, na aongeze sentensi moja ya kwake.

Siku ya mazishi alisoma vizuri, sauti ikamkatika pale kwenye blanketi, akaendelea. Alipofika mwisho akakunja karatasi, akaongeza ile sentensi: "Na wale wote niliowahi kuwaambia kwamba Baba alitufikisha nyumbani kwa soksi ya Mama, mnisamehe. Daftari lake linasema soksi ilidumu dakika nne."

Watu walicheka, kicheko kile kinachotoka pamoja na machozi. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, saa ya mumewe mkononi, imemlegea. Akanyanyua kichwa.

"Tatu," alisema. "Saa nilikuwa nayo mimi."